Kujitolea Kulinda Kasa Pangani: Anza Hapa

Kila msimu wa kutaga unapokaribia, vijana wa Tanga mjini, wa Dar na wa vyuoni huniuliza swali lilelile: nataka kuja kusaidia kasa, nianzie wapi? Wengine wameona video ya watoto wa kasa wakikimbilia majini wakavutiwa. Wengine wanasoma mambo ya bahari na wanataka kugusa kazi yenyewe. Wote karibuni. Nimeandika mwongozo huu nikiufikiria ufukwe wa kusini mwa mto Pangani, kuanzia Ushongo kushuka chini, lakini mengi humu yatakufaa popote kwenye pwani ya Tanga ambako kijiji kinalinda viota.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba ufukwe huu una wenyewe. Hutakuta geti wala uzio, na mara nyingi hata kibao hakuna, ila kuna serikali ya kijiji, kuna kikundi cha BMU kinachosimamia uvuvi, na kuna walinzi wa kasa waliozaliwa hapohapo, ambao wengi wao ni wavuvi au watoto wa wavuvi. Wewe unakuja kuwaongezea miguu na macho. Mtu akiliweka hilo kichwani, hatua zote zinazofuata zinakuwa nyepesi kwake.

Mjue unayekuja kumlinda

Kwenye maji ya Tanzania wanapatikana kasa wa aina tano. Wanaopanda kutaga kwetu ni wawili: kasa wa kijani, ambaye wavuvi humwita kasa tu, na ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka na gamba lenye madoa ambalo zamani lilitafutwa sana kwa kutengenezea vitana na mapambo. Wa kijani ndiye utakayemkuta zaidi. Mzima ana gamba la kama mita 1 na uzito unaopita kilo 100. Anakula majani ya bahari, wakati ng'amba anapenda sifongo za kwenye matumbawe.

Kasa jike huchukua miaka mingi kukomaa, mara nyingi zaidi ya 20. Akianza kutaga hupanda ufukweni mara kadhaa kwa msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, halafu hupotea miaka miwili, mitatu au zaidi ndipo arudi. Watoto wanaofikia utu uzima hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 1,000. Kwa hiyo mama mmoja akichinjwa ufukweni, pengo lake halizibiki kesho wala kesho kutwa. Sheria nayo iko wazi: Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kumvua, kumuua, kumuuza au kukaa na kasa, na mayai yake yamo humohumo.

Hatua ya 1: Panga safari kwa kufuata maji

Kasa hutaga karibu mwaka mzima kwetu, ila wengi hupanda kati ya Februari na Julai, kaskazi inapoisha na kusi inapoingia. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 na kidogo, kutegemea joto. Ukitaka kuwaona mama, njoo Machi, Aprili au Mei na ujiandae kwa mvua za masika. Ukitaka kuona watoto wakitoka, Mei hadi Agosti ni salama zaidi.

Ukishachagua mwezi, tazama mwezi wa angani. Kasa hupenda kupanda maji yakiwa yanajaa au yamejaa, kwa sababu hapo ana safari fupi ya kujikokota hadi mchanga mkavu. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na maji yanajaa na kupwa sana, maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi wala kushuka sana, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa 4 usiku. Kila siku wakati unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maana yake kwako ni hii: ukija bamvua, doria yako itaanza saa 8 usiku na kuishia kunapokucha, ukija maji mafu, utatoka saa 2 usiku na huenda saa 7 ukawa umelala. Mtu asiyezoea kukesha namshauri aanze na maji mafu.

Kaa angalau wiki mbili. Anayekuja siku mbili huwachukulia walinzi muda wa kumfundisha, na anapoanza kuelewa ndipo anafunga begi. Kama una wikiendi moja tu, njoo usaidie kazi za mchana. Hizo nazo zina faida, na nitazieleza huko chini.

Hatua ya 2: Piga hodi kijijini

Usishuke kwenye bodaboda ukanyoosha moja kwa moja ufukweni. Nenda ofisi ya kijiji ukamwone mtendaji na mwenyekiti, na uwe na barua kama unatoka chuo au taasisi. Barua fupi inatosha: wewe ni nani, unataka kukaa siku ngapi, utalala wapi, na mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo. Wao watakukutanisha na viongozi wa BMU na mlinzi wa kasa wa eneo hilo. Raia wa nje aulizie mapema habari za kibali cha kujitolea, maana viza ya matembezi haitoshi kufanya kazi hata isiyo na malipo.

Kuna pia asasi zinazofanya kazi hii pamoja na vijiji. Sea Sense ndiyo inayojulikana zaidi; imekuwa ikifundisha walinzi wa kasa wa vijijini sehemu mbalimbali za pwani ya Tanzania. Kupitia asasi ni rahisi kwa mtu wa mara ya kwanza, kwa sababu mafunzo, daftari na ratiba unavikuta tayari. Kisiwa cha Maziwe kiko mbali kidogo na Ushongo kwa mashua, na kimekuwa eneo tengefu tangu mwaka 1975. Hicho kiko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na huwezi kwenda huko bila kulipa ada na kufuata utaratibu wao.

Adabu ya pwani ichukulie kama sehemu ya kazi. Wazee waamkie shikamoo kabla hujaanza kueleza shida yako. Vaa nguo za heshima unapopita kijijini. Kaptura ya kuogelea na sidiria ibaki hukohuko majini. Ukija mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara hadharani mchana, na usimpangie mlinzi doria wakati wa kufuturu au wa tarawehe. Ijumaa mchana watu wako msikitini, kwa hiyo vikao vipange siku nyingine. Mwanamke anayekuja peke yake amwombe mwenyekiti ampatie familia ya kukaa nayo. Kwa kweli hata mwanamume namshauri hivyohivyo, kwa sababu kwa kukaa na familia utajifunza mengi kuliko kwenye chumba cha kulipia.

Hatua ya 3: Begi

Beba vichache:

- Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu. Kama huna, funika tochi ya kawaida kwa karatasi au plastiki nyekundu.
- Nguo nyeusi au za rangi nzito, zenye mikono mirefu kwa ajili ya mbu na upepo.
- Kandambili za kufunga nyuma au kobazi imara. Kutembea peku kunaumiza ukikanyaga kombe au kipande cha matumbawe.
- Daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye unyevu.
- Futi kamba ya kupimia, angalau ya mita 5.
- Glovu za mpira, chupa ya maji, koti la mvua.
- Chandarua, na dawa zako mwenyewe.

Manukato na dawa ya mbu ya kupaka mikononi usivae kama kuna uwezekano wa kushika mayai. Simu ibebe, ila zima kabisa mmweko wa kamera na upunguze mwanga wa kioo kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 4: Doria ya usiku

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wageni wengi wanaposhangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya doria ni kutembea gizani bila kuona kitu. Utatembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, kisha upumzike, kisha utembee tena. Usiku mwingine hakuna kasa hata mmoja. Usiku huo nao unaandikwa: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya hewa, sifuri. Bila sifuri kwenye daftari hakuna atakayejua baadaye kama kasa walipungua au kama watu hawakutembea.

Tembea kwenye mchanga mnyevu, karibu na mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji, nyuma ya mlinzi na si mbele yake. Ongeeni kwa sauti ya chini. Zima taa. Macho yakishazoea giza, hata usiku usio na mwezi utaona povu la mawimbi na utaona mchanga uliovurugwa. Mlinzi mzee mmoja niliyewahi kutembea naye alikuwa na jibu moja kwa kila mgeni aliyewasha tochi: "Zima kwanza mwanangu, halafu uniulize unachotafuta." Ana sababu. Kasa anayetoka majini akiona mwanga mweupe hugeuka na kurudi, na mayai anaweza kuyamwaga baharini yakapotea yote.

Unachotafuta ni alama. Kasa wa kijani huvuta mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama yake ina pande mbili zinazofanana, pana kama mita 1, mfano wa tairi la trekta lililopita mchangani. Ng'amba hupishanisha mapezi, na alama yake ni nyembamba, kiasi cha sentimita 70 au 80. Mkiikuta alama, simameni. Ikiwa ni moja tu inayopanda, kasa bado yuko juu: rudini nyuma, kaeni chini, msubiri. Ikiwa ni mbili, ameshaondoka. Kujua ipi ya kupanda na ipi ya kushuka, tazama zinapokutana. Iliyokanyaga nyenzake ndiyo ya kurudi. Na kama maji yalikuwa yanapwa alipokuwa juu, alama ya kurudi itakuwa ndefu zaidi kwa upande wa bahari.

Kupanda hakumaanishi kutaga. Mara nyingine hukutana na mzizi, na kelele, au na mchanga mkavu mno unaoporomoka, akageuka. Andika pia safari hiyo ya bure. Ukishaandika, futa alama kwa mguu au kwa tawi kuanzia juu hadi chini. Hilo huzuia mtu wa doria inayofuata asihesabu mara mbili, na huwanyima wezi wa mayai ramani ya kuwafikisha kwenye kiota.

Hatua ya 5: Ukimkuta yuko juu

Kasa hupitia hatua zake kwa utaratibu. Kwanza hujichimbia shimo la mwili kwa mapezi ya mbele. Kisha mapezi ya nyuma huanza kazi ambayo sijawahi kuichoka kuitazama: pezi moja hujikunja, huingia shimoni, huchota mchanga kidogo, huutoa na kuuweka pembeni polepole, halafu la pili huingia. Hachungulii anachofanya hata mara moja. Shimo hushuka hadi pale pezi lisipoweza kufika tena. Ndipo anatulia na mayai yanaanza kudondoka, mawili matatu kwa wakati.

Kabla hajaanza kutaga, usimsogelee kabisa. Yuko tayari kuondoka kwa sababu ndogo tu. Akishaanza kudondosha mayai, mlinzi anaweza kukuruhusu usogee kutoka nyuma yake, chini kwa chini, kwa taa nyekundu. Usipite mbele ya kichwa chake. Usimguse, usimpande mgongoni, usimwekee mtoto juu ili apigwe picha. Utaona machozi yakimtoka. Hizo ni tezi zinazotoa chumvi mwilini, kwa hiyo mtu asikutungie hadithi ya uchungu wa kuzaa.

Wakati huu ndio wa kuhesabu mayai kama mlinzi anataka, kupima gamba na kutazama mapezi ya mbele kama kuna kibati cha chuma chenye namba. Kibati hakitolewi. Kinasomwa, kinaandikwa namba na anuani yote, na taarifa inapelekwa. Kasa waliowekwa vibati Komoro na Shelisheli wamewahi kupatikana kwenye maji ya Tanzania, kwa hiyo namba moja uliyoiandika vizuri inaweza kuunganisha nchi mbili.

Akimaliza hufukia, kisha hutupa mchanga nyuma kwa nguvu hadi eneo zima linavurugika na huwezi kujua shimo lilikuwa wapi. Ndiyo maana ni vizuri mmoja wenu awe ameshika alama kwa macho: hatua ngapi kutoka mvinje ule, hatua ngapi kutoka mnazi huu. Mwacheni arudi baharini mwenyewe, njia iwe wazi.

Hatua ya 6: Kuhamisha kiota, na kwa nini mara nyingi usikihamishe

Mgeni akifika huwa na hamu ya kuhamisha mayai. Naielewa hamu hiyo, lakini kiota kilicho juu ya mstari wa bamvua, penye mlakasa umetambaa na mchanga mkavu juu yake, kiache mahali pake. Kasa amechagua mwenyewe, na kila kuhamisha hupunguza mayai yatakayoangua.

Kinachohamishwa ni kile ambacho maji yatakifikia. Maziwe ni mfano mzuri. Hadi miaka ya 1970 kisiwa kile kilikuwa na mivinje na kilisifika kwa kasa wengi kuliko mahali pengine pwani ya Afrika Mashariki. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yanapojaa sana. Kasa hawakuacha kupanda. Mayai wanayotaga pale yangekufa maji yote, kwa hiyo walinzi huyachukua na kuyaleta Ushongo yafukiwe upya penye usalama.

Kazi hii ni ya mlinzi aliyefundishwa. Wewe unasaidia kushika ndoo, taa na daftari. Taratibu zake ni hizi:

Fanyeni mapema, ndani ya saa chache tangu yatagwe. Baada ya hapo kiini cha mtoto hujishika kwenye ganda upande wa juu, na yai likigeuzwa kinakatika na kufa. Kwa sababu hiyohiyo kila yai linatoka jinsi lilivyokaa: upande uliokuwa juu unabaki juu ndani ya ndoo na unabaki juu ndani ya shimo jipya. Ndoo huwekwa kwanza mchanga mnyevu kutoka kwenye kiota kilekile. Mayai huwa 100 na ushei, na kuhesabu gizani kunachanganya, basi mlinzi huweka kombe moja pembeni kwa kila mayai kumi. Mwisho makombe ndiyo yanayohesabiwa. Ganda la yai ni laini na hubonyea. Ukibana kwa kucha umelitoboa.

Shimo jipya lipimwe sawa na la kwanza. Kama chini yake lilikuwa sentimita 70, na jipya liwe 70, jembamba juu na pana chini. Kina na mahali vina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Mchanga wa joto huzaa majike zaidi, wa baridi madume zaidi, na mpaka uko kwenye nyuzi 29 hivi. Kwa hiyo usiweke kivuli cha makuti kwa kukisia kwamba unawaonea huruma, na usifukie viota vyote mahali pamoja palipo na jua kali. Muulize mlinzi amekuwa akiweka wapi na watoto walitoka wangapi.

Njiani tembea taratibu. Niliwahi kumsikia kijana akiuliza, "Mzee, nikubebee ndoo?" Akajibiwa, "Beba, lakini ndoo ikitikisika nitaichukua." Jibu hilo halikuwa la ukali. Ndoo moja ina msimu mzima wa kazi ya mtu.

Mkimaliza andikeni tarehe, namba ya kiota, idadi ya mayai, saa yalipotagwa na saa yalipofukiwa. Mahali pa kiota pimeni kutoka kwenye miti miwili. Kijiti chenye kitambaa hutumika pale ambapo mlinzi analala karibu. Kwenye ufukwe unaoibiwa mayai, kijiti ni kumwelekeza mwizi.

Hatua ya 7: Kazi za mchana

Asubuhi mapema pitieni viota vyote. Mnatafuta nyayo za nguchiro, za kenge na za mbwa, na mashimo ya kaa. Mbwa wa kijijini ni tatizo linalotatuliwa kwa mazungumzo na mwenye mbwa, kwa upole. Wavu wa waya wenye matundu makubwa kiasi cha kupitisha mtoto wa kasa huweza kuwekwa juu ya kiota kinachosumbuliwa.

Taka ziokoteni na muziandike kwa aina: chupa, vipande vya nyavu, kamba, kandambili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na takwimu zenu zitaonyesha kinacholetwa na mto, kinacholetwa na mkondo wa bahari na kinachotupwa hapohapo. Vipande vya nyavu viondoeni kwanza, maana vinanasa mama anayepanda na mtoto anayeshuka.

Kuhusu mikoko nitasema machache. Vijana hupenda kuja kupanda, wapige picha, waondoke. Kila mti una mahali pake: mlilana mbele kabisa baharini, mkoko nyuma yake, na mkandaa na mchu penye maji ya mara mojamoja. Ukipanda mkoko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi unakufa. Usipande hadi BMU wakuonyeshe wapi, au waseme kwamba eneo linajiotea lenyewe na linahitaji tu kuachwa.

Hatua ya 8: Kaa na wavuvi

Hii naiweka kama hatua kamili kwa sababu kasa wengi hufa baharini, kwenye jarife, wavu wa matundu makubwa. Mvuvi hakumlenga, alitega kwa ajili ya papa na samaki aitwaye taa, kasa akanasa, akakosa pumzi. Mvuvi huyo akija pwani akakuta mgeni anamhubiria, hatakuambia tena alichokutana nacho. Kaa naye wakati anashona nyavu. Muulize anawaona wapi, mwezi gani, maji gani. Mengi yanayojulikana juu ya kasa wa Pangani yametoka kwenye mazungumzo ya namna hiyo.

Kitu kimoja cha kumweleza kitakachomsaidia: kasa aliyetolewa wavuni akiwa hajongei huenda hajafa. Alazwe kwa tumbo, kamwe asilazwe chali, sehemu ya nyuma iinuliwe sentimita 15 au 20 ili maji yatoke kwenye mapafu. Awekwe kivulini na afunikwe kitambaa kilicholowa, pua iwe wazi. Wengine huzinduka baada ya saa kadhaa, na inashauriwa kusubiri hata saa 24 kabla ya kukata tamaa. Akizinduka ashushwe majini polepole, mbali na nyavu, injini ikiwa imezimwa.

La pili ni la uhai wa watu. Nyama ya ng'amba inaweza kuwa na sumu, na kuipika hakuiondoi. Mama anayenyonyesha akiila, mtoto naye anaweza kudhurika. Liseme hilo kwa uwazi hata kwa anayecheka.

Ukikuta watu wanafukua kiota au wanachinja kasa, usiwavamie na usiwapige picha kwa mmweko. Ondoka, mpigie mlinzi au kiongozi wa BMU, waambie mahali na saa. Fanya vivyo hivyo ukisikia mlipuko wa baruti baharini: andika saa na upande ulikotoka, toa taarifa. Wewe utaondoka, lakini mlinzi ataendelea kuishi mtaa mmoja na watu hao, na yeye ndiye anayejua jambo lipelekwe vipi.

Hatua ya 9: Kuangua

Kuanzia siku ya 50 tazama mchanga juu ya kiota. Ukididimia kidogo katikati, watoto wamekaribia juu. Hutoka mara nyingi jioni au usiku, mchanga ukipoa. Sawazisheni njia hadi majini, fukieni nyayo zenu zilizo za kina kwa sababu kwao ni mashimo, na zimeni kila taa. Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi. Taa ya hoteli au ya bodaboda inamtosha kwenda bara badala ya baharini. Kama kuna nyumba ya wageni jirani, nendeni kuomba wazime taa za mbele kwa usiku huo. Wengi hukubali wakiombwa vizuri.

Waacheni watembee wenyewe. Usiwabebe hadi majini wala usiwahifadhi kwenye ndoo ili wageni waje kuwaona kesho yake. Nguvu waliyonayo kutoka kwenye kiini cha yai ni ya kuogelea mbali na ufukwe siku hizo za kwanza, na ndani ya ndoo inaisha bure. Wageni wanaokuja kutazama wapangwe nyuma na pembeni. Ada yao, kama kijiji kimeweka ada, ilipwe kwa utaratibu na risiti.

Siku mbili au tatu baada ya kundi kubwa kutoka, kiota hufukuliwa kwa glovu. Hesabuni maganda matupu, mayai yasiyoangua, waliofia ndani, na walio hai walionasa chini, ambao huachiwa jioni. Kiota cha mayai 112 chenye maganda matupu 94 kimeangua kwa asilimia 84. Hesabu hii ndiyo itakayowaambia kama mahali mlipofukia panafaa.

Pesa, picha na daftari

Chakula, nauli na malazi ni juu yako. Ukitaka kuchangia, uliza kinachohitajika: mafuta ya boti, betri, mabuti ya mvua kwa walinzi. Kabidhi mbele ya mtendaji au mweka hazina wa BMU na upewe risiti, usimpe mtu mmoja noti gizani ufukweni. Usiahidi ufadhili usio mkononi mwako. Kijiji kinakumbuka ahadi.

Picha za kasa na viota usizitume mtandaoni zikiwa na jina la sehemu au ramani, na sura za watu omba ruhusa. Watoto wa kijijini omba kwa wazazi.

Siku ya kuondoka, keti na mlinzi mpitie daftari lako ukurasa kwa ukurasa, unakili yote kwenye daftari la kijiji kwa mwandiko unaosomeka, kisha umwachie namba yako ya simu. Kiota kilichotagwa tarehe 10 Aprili kitakuwa kinaangua mwanzoni mwa Juni. Kama unaweza, omba ruhusa kazini sasa hivi ili uje kufukua na kuhesabu naye.